Mafunzo ya uongozi na mipango tuliyoyalipia kwa chama chetu cha mikoko

Naanza na bei, maana ndilo swali ninaloulizwa na kila chama jirani kilichosikia kwamba tuliita mwezeshaji. Tulilipa shilingi 24,000 kwa kundi zima. Hizo ni za siku mbili za mafunzo, na siku moja zaidi ambayo mwezeshaji hurudi baada ya miezi mitatu kukagua mlichofanya. Ukumbi, chai na chakula cha mchana vilikuwa juu yetu. Safari ya Gazi, kijiji cha Kwale chenye mradi maarufu wa mikoko, hulipiwa mbali. Mwanachama wetu huchanga shilingi 100 kwa mwezi, kwa hiyo hizo zilikuwa pesa za kuumiza, na mimi ndiye mweka hazina niliyezitoa. Nimeandika haya ili mwenye chama kama chetu ajue ananunua nini.

Mwezeshaji ni mama wa makamo aliyefanya kazi ya maendeleo ya jamii miaka mingi kabla ya kujitegemea. Hupata kazi kwa kuelekezwa, mtu kwa mtu, na hapendi jina lake lirushwe mtandaoni. Sisi tulimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Chama chetu kiko Mombasa, kwenye hori ya Tudor, upande wa Jomvu. Tuko wavuvi, akina mama wa mtaani, vijana wa boda, walimu wa shule ya msingi, na mimi mwenye duka la leso. Tunapanda mikoko, tunaokota taka zinazoletwa na maji, na tunafuatilia maji machafu yanayoteremka horini kutoka mitaani. Hakuna anayelipwa hata senti. Mzee aliyetuanzisha ndiye alikuwa mwenyekiti tangu siku ya kwanza, na kwa miaka yote hiyo mambo yalikwenda kwa sababu yeye alikuwa anakwenda. Alijua bwana wa misitu gani wa kupigiwa, mbegu zinaokotwa wapi, nani mtaani ana mtumbwi wa kuazima. Alipolazwa kwa upasuaji wa macho, miche kitaluni ilikauka huku kila mmoja wetu akidhani mwenzake anamwagilia. Ndipo tukaamua kutafuta mtu wa kutusaidia kujipanga.

Asubuhi ya siku ya kwanza ndiyo iliyolipa nusu ya pesa zetu. Mwalimu hakuja na hotuba kuhusu sifa za kiongozi bora. Aligawa karatasi, akasema kila mtu aandike mambo ya chama anayoyajua peke yake, jambo moja kwenye karatasi moja, kisha aende kubandika ukutani chini ya jina lake. Tulipomaliza, ukuta ulisema wenyewe. Karatasi za mzee zilishuka kutoka juu hadi karibu na sakafu. Katibu alikuwa nazo chache. Mimi nilikuwa na namba ya siri ya laini ya M-Pesa ya chama, kitabu cha risiti, na orodha ya waliolipa. Wengine wengi walisimama chini ya majina yao wakiwa hawana cha kubandika, na baadhi yao ni watu wanaokuja kila siku ya kazi bila kukosa.

Kulikuwa na wasiwasi ukumbini, maana vijana walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mafunzo haya yameletwa kumng'oa mzee. Mwalimu alilisikia hilo bila kuambiwa. Alivuta kiti mbele, akamkaribisha mzee aketi, akamwambia, "Baba, nisaidie. Nikitaka mbegu za mlilana leo, niende wapi?" Mzee akaeleza unakoota mti huo wa jamii ya mikoko, na alieleza vizuri, mpaka na mti wenyewe ulivyoinama. Mwalimu akauliza, "Na humu ndani, nani mwingine anapajua?" Hapakuwa na jibu. Akauliza la pili, la tatu, la nne, kwa upole ule ule, na kila mara mzee mwenyewe ndiye aliyeangalia huku na huku kutafuta mwingine anayejua. Baadaye mzee akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Haya, nani atanifuata Jumapili nimwonyeshe?" Vijana wawili wakainua mikono.

Kutoka hapo kila karatasi ilipata mtu wa pili. Mwalimu anamwita mwenza: anafanya kazi ile pamoja na mwenyewe mpaka aiweze peke yake, na tarehe ya kuiweza inaandikwa. Mimi nilipewa binti mmoja anayesomea uhasibu. Sasa anaandika kitabu na mimi nakikagua, na nikienda Nairobi kwa mambo ya familia chama hakisimami.

Suala la muda wa uongozi lilikuwa gumu zaidi, na hapa namsifu Mwalimu kwa moyo wote. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinachotaka kusajiliwa kiwe na watu wasiopungua 10 na kiwe na katiba. Katiba tulikuwa nayo, imeandikwa na kupigwa muhuri, lakini haikusema mwenyekiti anakaa mpaka lini. Tulijadiliana mpaka adhuhuri, tukaenda kuswali, tukarudi tukaendelea. Mwisho tulikubaliana miaka miwili, na mtu anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Mzee akawa mlezi wa chama, na kazi za mlezi zikaandikwa moja moja: kuzungumza na wazee wa mtaa na chifu, kuwafundisha wageni aina za mikoko, kuamua ugomvi wa wanachama kabla haujafika mkutanoni. Mzee aliuliza swali moja: "Na nikiona mnaharibu?" Mwalimu akamjibu, "Utasema mkutanoni, Baba, kama mwanachama yeyote, na katibu ataandika." Mzee akatikisa kichwa kukubali. Nimeona vyama vikivunjika kwa jambo hili hili, wazee wakiondoka kwa hasira na nusu ya wanachama wakiwafuata, kwa hiyo najua tulichopewa siku ile.

Mchana wa siku hiyo haukunifurahisha. Tulikaa muda mrefu tukitunga dira na dhamira. Kijitabu cha mafunzo kina ukurasa mzima wa dira, dhamira, maadili ya msingi na malengo mkakati, na lugha yake ni ya kiofisi, ya watu wanaoandikia wafadhili. Tulitoka na sentensi ndefu ambayo wiki iliyofuata hakuna aliyeweza kuirudia. Najua zipo fomu zinazoitaka, na siku tutakapoomba msaada mahali tutaitumia. Lakini kwa wavuvi waliokesha baharini, saa zile zilikuwa nzito, na wawili walilala vitini. Nilimwambia Mwalimu wazi, naye alisema vyama vingine vimemwambia vivyo hivyo. Basi na alipunguze.

Siku ya pili ilikuwa ya mipango, na ukumbi ulichangamka. Mwalimu alitandaza karatasi ya miezi 12 ukuta mzima, akatuambia tuweke kwanza yale tusiyoweza kuyahamisha. Tukaweka mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli. Tukaweka Ramadhani, tukakumbushana kwamba kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11, kwa hiyo mpango wa mwaka jana hauwezi kunakiliwa tu. Tukaweka likizo za shule, kwa sababu walimu wetu na vijana wengi hupatikana wakati huo. Halafu mvuvi mmoja akasimama akasema, "Na maji je?"

Lile swali lilibadilisha kalenda yetu. Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi. Lakini hapa kwetu wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka kama saa nne au saa tano za asubuhi, na tope lote la mikoko huwa wazi. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, ni kinyume, saa nne unakuta hori imejaa. Ndiyo maana kuna Jumamosi watu walikuwa wanakuja, wanasimama ufukweni, wanaongea, wanarudi nyumbani, na mwezi unaofuata hawaji tena. Tulikuwa tunasema watu wamepoteza ari. Sasa siku ya kazi inafuata mwezi, na ratiba ya bamvua za mwaka mzima imebandikwa kwenye mlango wa duka langu na kwenye kibanda cha boda. Waliokuwa wameacha kuja wamerudi, si wote, lakini naona nyuso ambazo sikuziona kwa muda.

Kisha Mwalimu akaleta kalenda ya pili, ya kaunti, na hii sikuwahi kuiona ikielezwa kwa lugha ya kueleweka. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha unafuata kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Sisi tulikuwa tukipeleka barua ya kuomba mapipa ya taka na lori mwezi Juni, kwa sababu Juni ni Siku ya Mazingira Duniani na tunakuwa na hamasa. Mwezi Juni pesa za mwaka unaoanza Julai zimeshapangiwa kazi. Mwalimu alitusomesha kurudi nyuma: ukitaka kitu kiingie kwenye bajeti ya Julai ya mwakani, kiwe kimesemwa kwenye vikao vya maoni ya wananchi kabla ya Septemba ya mwaka huu, na mwakilishi wadi wako awe anakijua. Jambo hili likamfanya katibu wetu aache kuandika barua nyingi na aanze kuhudhuria vikao. Kama chama chako kinafanya kazi yoyote inayogusa barabara, maji, taka au shule, saa ile moja pekee inatosha kumwita huyu mama.

Baada ya kalenda tukaambiwa tuorodheshe yote tunayotaka kufanya, kisha tubakize matatu. Hapo palizuka kelele. Kila mtu ana kazi yake anayoipenda. Tulibakiza kitalu na upandaji, usafi wa hori kila bamvua kubwa, na ufuatiliaji wa maji machafu. Shughuli za kombe la mpira la vijana tuliziacha, na vijana walinuna, nami naona bado wana haki ya kunung'unika, maana mpira ndio uliowaleta wengi wao kwenye chama. Mwalimu aliliamua hili kwa kura haraka mno. Lilihitaji muda zaidi.

Kwenye kazi ya kwanza akauliza tunajuaje kwamba tumefaulu. Tukamtajia miche tuliyopanda. Akauliza mingapi iko hai. Hesabu ya waliopanda na miche iliyopandwa ipo tangu mwanzo, lakini ya iliyo hai haikuwahi kuwekwa. Mwalimu si mtaalamu wa mikoko na hakujifanya. Alikuwa amemwalika bwana wa misitu kwa saa moja, jambo la busara kwa sababu mikoko ya pwani ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na huwezi kupanga kazi ndani yake bila wenyewe. Bwana misitu na mzee wetu wakaeleza pamoja, na ilikuwa raha kuwasikia wakipokezana. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe hupenda tope la katikati. Mkandaa uko nyuma yake, na mchu unaweza kuuona mbele na tena nyuma kabisa karibu na nchi kavu. Sisi tulipanda mkoko kila mahali, kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka. Mpango mpya unasema miche michache zaidi, kila aina mahali pake, na kuhesabu iliyo hai baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka. Mahali ambapo mbegu zinajiotea zenyewe tunalinda tu, hatupandi.

Safari ya Gazi, upande wa kusini, Kwale, ni ya hiari. Nasema iendeni, lakini kwa tahadhari. Mradi wa Mikoko Pamoja unajulikana: vijiji vya Gazi na Makongeni, hekta 117 za mikoko, kuuza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko huivuta na kuihifadhi, na tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa ya 2017. Kilichonigusa mimi ni uongozi wenyewe. Kamati huchaguliwa na wanavijiji, na pesa zikiingia, jamii hukaa kuamua ziende wapi, kwa maji au kwa shule. Niliona pia daraja la mbao la akina mama linalopita katikati ya mikoko, ambalo mgeni hulipia kutembea juu yake, na nilirudi na mawazo tele.

Shida ni kwamba vijana wetu nao walirudi na mawazo, wakiamini kwamba mwakani na sisi tutauza hewa. Hili Mwalimu alipaswa kulisema kabla hatujapanda matatu. Nyuma ya Gazi kuna miaka mingi ya utafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambayo ina kituo pale pale kijijini, na kuna shirika la hisani lililoko Scotland linaloshughulikia mauzo. Kuna makubaliano na idara ya misitu, na kuna vipimo vya kila mwaka. Hekta zile 117 zinahesabiwa kuokoa kama tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na bila wapimaji na mnunuzi hazigeuki pesa. Ilinibidi mimi na katibu tutumie mkutano mzima kuwatuliza watu, na kijana mmoja hodari ametuacha kwa kuona tunachelewesha utajiri. Nimeumia kumpoteza.

Upande wa fedha, ambao ndio wangu, mafunzo ni membamba. Aligusa watia saini wa benki, akagusa risiti, akapita. Hakufundisha jinsi ya kufunga hesabu ya mwezi, wala jinsi ya kutenganisha laini ya M-Pesa ya chama na simu ya mtu binafsi, wala namna ya kusoma taarifa ya fedha mbele ya wanachama ambao wengine hawakusoma sana. Haya ndiyo yanayovunja imani kwenye vyama vya kujitolea. Mtu anaweza kuvumilia mwenyekiti mkali, lakini hatavumilia mia yake isiyojulikana ilikokwenda. Kama kwenu mgogoro ni wa pesa, msianze na mafunzo haya. Tafuteni kwanza mtu wa vitabu.

Siku ya kukagua ndiyo inayomtofautisha na wengine niliowahi kuwaona. Wengi huja, hula chakula, hupiga picha na bango, na huwaoni tena. Yeye alirudi akiwa na nakala ya mpango wetu wa ukurasa mmoja, akaketi chini ya mwembe pamoja nasi, akauliza mstari kwa mstari: hili nani, limefika wapi, limekwama kwa nini. Mawili yalikuwa yamekwama, moja kwa uvivu na moja kwa sababu mwenye kazi alijifungua. Lile la mama aliyejifungua likapewa mwenza wake pale pale, na ndipo wengi wakaelewa kwa nini tulihangaika na zile karatasi za siku ya kwanza. Hesabu ya miche hai ilisomwa mbele ya watu wote. Haikuwa nzuri upande wa mbele wa hori, na ilikuwa nzuri katikati. Mzee akiwa mlezi ndiye aliyeisoma, kwa sauti, namba kwa namba.

Kwa nani basi? Kwa chama ambacho kina watu na kina kazi, lakini kila kitu kimekaa kwa mtu mmoja, au kila mwaka mnaanza upya. Hapo shilingi 24,000 zina thamani yake, na vyama viwili vya mtaa mmoja vinaweza kuchanga pamoja, anakubali mpaka watu 30. Kwa kikundi kipya kabisa kisichozidi miezi michache, naona ni mapema, subirini mpate cha kupanga.

Mkimwita, mwambieni tangu mwanzo apunguze mchana wa dira na dhamira, na muda huo aupeleke kwenye hesabu. Kama mna wavuvi, siku zianze saa tatu badala ya saa mbili, na msizipange wakati wa bamvua. Kijitabu mnaweza kuomba kwa Kiswahili. Anacho cha Kiingereza pia, na asipoambiwa huleta hicho. Nauli ya Gazi na ada ya kutembea kwenye daraja la akina mama ziulizeni kando, haziko ndani ya bei.